Mwenye Kusema Lisilo Kweli, Je, ni Mwongo?

Neno "mwongo" ni zito katika miji yetu. Mtu akiitwa mwongo mbele ya watu, ushahidi wake umeanguka, amana yake imeanguka, na heshima yake imepunguka, yote kwa tamko moja. Na pamoja na uzito huo twalitumia kwa wepesi wa ajabu. Watu wawili walikuwapo mahali pamoja, wakaona jambo moja, kisha kila mmoja akalisimulia kwa namna yake. Basi kabla ya sala ya Isha hukumu imekwisha pita barazani kwamba mmoja wao ni mwongo, na iliyobakia ni kujua yupi. Ni wachache wanaouliza kama yawezekana wote wawili wamesema kwa moyo safi yale waliyoyaona, na juu ya hayo mmoja wao, au wote wawili, wamesema lisilo kweli.

Swali hili si geni kwa waliosoma elimu ya balagha. Hukutana nalo mapema, pale inapoelezwa nini khabari ya kweli na nini khabari ya uongo. Wanavyuoni walio wengi wamesema: kweli ni khabari kuafikiana na mambo yalivyo, na uongo ni kutoafikiana nayo, msemaji aamini asiamini. Al-Nadhdham, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 9, akasema sivyo. Kweli ni khabari kuafikiana na itikadi ya msemaji, hata ikiwa itikadi yenyewe ni kosa. Waliomtetea wakatolea hoja mwanzo wa Sura ya Al-Munafiqun, ambapo wanafiki washuhudia jambo ambalo kwa dhati yake ni kweli, na juu ya hayo wakaitwa waongo, kwa sababu hawakuliamini walilolisema. Kisha akaja mwanafunzi wake Al-Jahidh na njia ya tatu. Huyu alisema kuwa mkweli ni yule aliyeafikiana na mambo yalivyo, naye aamini hivyo. Mwongo ni yule aliyekhalifu mambo yalivyo, naye ajua kuwa ayakhalifu. Na baina ya hao wawili liko fungu la watu ambao khabari yao si ya kuitwa kweli wala uongo.

Wanafunzi wengi huyapita maneno haya mbio mbio ili wafike kwenye tashbihi na majazi, kwani humo ndimo mna utamu. Sisi twaona si sawa kuyapita. Yale ambayo matabibu wameyajua kuhusu ubongo kwa kadiri ya miaka mia moja na khamsini sasa yameonyesha kwamba lile fungu la tatu la Al-Jahidh lina watu wengi kuliko tulivyozoea kudhani, na kwamba sisi sote twaingia ndani yake kila siku, tukijua tusijue.

Tuanze na jicho, maana ndilo shahidi tunayemwamini kuliko wote. Ndugu msomaji, twaa karatasi nyeupe. Upande wa kushoto chora nyota ndogo, na upande wa kulia, mbali nayo kwa kadiri ya sentimita 8, tia doa jeusi la ukubwa wa punje ya hindi. Funga jicho la kushoto, uikazie ile nyota kwa jicho la kulia, na karatasi uishike mbali na uso kwa kadiri ya sentimita 30. Sasa isogeze pole pole, mbele na nyuma, bila ya kuiacha nyota. Utafika mahali ambapo doa litatoweka kabisa, kama halikuandikwa.

Sababu yake ni nyepesi. Nyuma ya kila jicho pana mahali ambapo mshipa wa kuonea, wenye nyuzi zipatazo milioni moja, hutoka kwenda ubongoni, na mahali hapo hapana kitu cha kupokea nuru. Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1668. Kila mtu tangu kuzaliwa kwake ana tundu hilo katika kila jicho, na hapana hata mmoja aliyelitambua mpaka alipoonyeshwa.

Lakini kutoweka kwa doa si ajabu. Ajabu ni kile kinachoonekana mahali pake. Huoni tundu, wala giza, wala ukungu. Waona karatasi nyeupe, safi, imeendelea. Na lau utapiga mstari mmoja ulingane na doa, kuliani na kushotoni mwake, utauona mstari umepita moja kwa moja, nawe wajua kwa kalamu yako kwamba haukupita. Yaani mahali ambapo jicho halikuleta khabari yo yote, ubongo haukusema, "Hapa sina khabari." Umetazama yaliyo pembeni, ukakisia yanayofaa kuwapo, ukayaandika kwa kalamu yake, kisha ukatia sahihi yetu.

Twamwomba msomaji asimame kidogo juu ya nukta hii, kwani yote yatakayofuata yamejengwa juu yake. Kukosa khabari ni jambo moja. Kuwa na khabari kwamba umekosa khabari ni jambo jingine kabisa, nalo lahitaji kiungo chake chenyewe cha kuleta khabari hiyo. Kiungo hicho kisipokuwapo, au kikiharibika, mtu hubaki na yakini kamili juu ya kitu asichokiona, na yakini yake haina tofauti na yakini yake juu ya kitu anachokiona.

Mambo haya hayakuanza Ulaya. Al-Hasan bin Al-Haytham, aliyezaliwa Basra kadiri ya mwaka 965 na kufariki Kairo kadiri ya mwaka 1040, alifundisha katika Kitab al-Manadhir kwamba nuru ndiyo inayoingia jichoni kutoka kwa vitu, na kwamba kuona hakutimii machoni bali ndani ya ubongo. Akaongeza jambo ambalo lilikuwa mbali zaidi: mengi tunayodai kwamba "tumeyaona" kwa hakika tumeyahukumu, kwa haraka ambayo mwenyewe hukumu haitambui kuwa ni hukumu. Mjerumani Hermann von Helmholtz alikuja kuyasema yaliyo karibu na hayo katika karne ya 19, na vitabu vingi humtaja yeye peke yake.

Mfano wake twauona sisi watu wa pwani kila mwezi mpevu unapochomoza baharini. Wakati wa magharibi watoka majini mkubwa kama sinia; na usiku wa manane, ukiwa juu ya vichwa vyetu, umekuwa kama kisahani cha kikombe. Basi nyosha mkono wako uufunike kwa ncha ya kidole kidogo, mara ya kwanza unapochomoza na mara ya pili unapokuwa juu. Kidole kitaufunika sawa sawa mara zote mbili. Mwezi haukupungua, wala sura yake ndani ya jicho haikupungua. Ibn Al-Haytham alilirejesha jambo hili kwenye hukumu ya nafsi juu ya umbali. Wataalamu hata leo wabishana juu ya tafsili yake, lakini hapana anayebisha kwamba ule ukubwa haumo mwezini. Na linalotuhusu sisi ni kwamba ukisha kupima kwa kidole na kujua yote haya, kesho yake bado utauona mkubwa. Elimu haikuliponya jicho. Imemwonya mwenye jicho tu.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia katika Al-Munqidh kwamba jambo kama hili lilimtia maradhi ya shaka kwa karibu miezi miwili. Alikitazama kivuli akakiona kimesimama, kisha saa baadaye akajua kuwa kilikuwa chenda. Aliitazama nyota akaiona kadiri ya dinari, na dalili za hisabu zikamwambia kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akauliza: ikiwa akili imekuja kumkadhibisha shahidi wa macho, nani ajuaye kama nyuma ya akili hapana hakimu mwingine atakayekuja kuikadhibisha akili?

Wengi wakifika hapa hujiliwaza kwa kusema: haya, macho na yakosee, lakini nafsi yangu naijua. Na kwa kweli wana mtu mkubwa wa kumtegemea. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumwazie mtu aliyeumbwa mara moja, mkamilifu, akaning'inia hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake vimetenganishwa hata kimoja hakigusi kingine. Mtu huyo, alisema Ibn Sina, hatajua kama ana mkono wala mguu, lakini hatashuku kwamba yeye yupo. Sisi hatuna la kumjibu katika hilo. Lakini atazame msomaji alichokidai Ibn Sina na asichokidai. Amedai kuwapo tu. Hakudai kwamba mtu azijua khabari zake mwenyewe, kama mkono wake uko wapi, wafanya nini, au kwa nini amelitenda alilolitenda. Hayo ni khabari kama khabari nyingine, zaletwa na wajumbe, na wajumbe hao hupotea njiani kama wanavyopotea wajumbe wa macho.

Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopiganwa huko kutoka 1861 hadi 1865. Aliwaona watu waliokatwa mkono au mguu nao wangali wauhisi: wauhisi umekunjwa, wawasha, wauma maumivu makali. Mwaka 1871 akaviita viungo hivyo kwa jina lenye maana ya viungo vya mzuka. Jina hilo twalichelea, kwani katika miji yetu neno la mzuka halihitaji kuchochewa. Hapana mzuka hapo. Katika karne ya 20 daktari Wilder Penfield wa Montreal, akiwapasua wagonjwa kichwa nao wako macho (ubongo wenyewe hauhisi maumivu), aligusa juu ya ubongo kwa umeme hafifu, na mgonjwa akasema kwamba mkono wake umeguswa, hali hapana aliyeugusa. Akachora ramani. Basi ilikuwa dhahiri kwamba mwili wote una picha yake ubongoni, na mkono ukikatwa, picha haikatwi. Daktari V. S. Ramachandran, mzaliwa wa India aliyefanya kazi California, alijaribu katika miaka ya 1990 kuwawekea wagonjwa wa namna hii kioo, hata ule mkono mzima ukaonekana umesimama mahali pa uliokatwa. Na baadhi yao, walipoufungua ule mzima mbele ya kioo, walihisi vidole visivyokuwapo vimekunjuka na maumivu yametulia. Na mwaka 1998 Botvinick na Cohen walionyesha kwamba hata mtu mwenye mikono miwili mizima, mkono wake mmoja ukifichwa na mkono wa mpira ukawekwa mbele yake, kisha yote miwili ikapanguswa kwa burashi kwa wakati mmoja, baada ya dakika chache huanza kuuhisi ule wa mpira kuwa ni wake.

Haya twayapita upesi, maana tuna kisa ambacho ni kizito zaidi, na ambacho yumkini kiko katika nyumba ya mmoja wa wasomaji wetu wakati huu.

Kiharusi kinapompiga mtu upande wa kulia wa ubongo, mkono na mguu wake wa kushoto hupooza. Mwaka 1914 tabibu wa Paris, Joseph Babinski, aliwaeleza matabibu wenzake juu ya wagonjwa wa namna hii ambao hawakujua kabisa kwamba wamepooza. Si kwamba walificha, wala si kwamba waliona haya. Mgonjwa huambiwa: inua mkono wa kulia, huuinua. Huambiwa: inua wa kushoto, mkono umelala juu ya shuka kama ulivyolala. Huulizwa kama ameuinua, naye hujibu kwa utulivu: naam, nimeuinua. Wengine husema kwamba wamechoka, au kwamba mkono wauma baridi yabisi, au kwamba hawapendi kuamrishwa amrishwa. Na wako ambao, wakionyeshwa ule mkono, hukana kuwa ni wao. Husema ni wa daktari, au ni wa ndugu aliyekaa kitandani. Na mtu huyo huyo, ukimwuliza majina ya wajukuu wake, siku ya leo ni siku gani, au nani anadaiwa kodi ya chumba cha uani, hukujibu bila ya kukosea.

Nini kimetukia? Madaktari wamekhitalifiana katika tafsili, na sisi si wa kuamua baina yao. Lakini kwa ujumla ni lile lile tundu la jicho, isipokuwa sasa limeangukia mwili. Maradhi hayakuuharibu mkono, kwani mkono wenyewe mzima. Yamepiga mahali panapouongoza mkono, na pamoja napo yamepiga mahali panapopaswa kuleta khabari kwamba hauongozeki. Mwenye mkono amekosa khabari, na amekosa khabari ya kukosa khabari. Basi ubongo umefanya kama ulivyozoea: alikusudia kuuinua, kwa hiyo umeinuka, sahihi, fulani bin fulani.

Na liko la kushangaza kuliko hilo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Italia waliona kwamba mgonjwa wa namna hii akitiwa maji baridi katika sikio la kushoto, yumkini kwa muda mfupi akakiri: kweli, mkono wangu haufanyi kazi. (Asijaribu mtu jambo hili nyumbani, ni kazi ya daktari.) Athari ya maji ikisha kupita, hurudi kukana. Mgonjwa mmoja wa Ramachandran alikiri namna hii kwamba mkono wake ulikuwa umepooza kwa siku kadha wa kadha. Na alipoulizwa baadaye alimwambia daktari nini siku ile, alijibu kwamba alimwambia mkono wake ni mzima. Maana yake, khabari ya kupooza ilikuwamo ndani yake mahali fulani, nayo ilijulikana, na pamoja na hayo yeye hakuijua. Twakubali kwamba maneno haya yagongana. Hatukuweza kupata mengine yanayolingana na jambo lenyewe.

Hata sababu za matendo yetu wenyewe hazikusalimika. Roger Sperry, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1981, na mwanafunzi wake Michael Gazzaniga, waliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao kwa matibabu walikatwa nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Mmoja wao alionyeshwa picha mbili kwa wakati mmoja, kwa namna ambayo upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio wenye kusema, uliona ukucha wa kuku, na upande wa kulia, ambao ni bubu, uliona nyumba iliyozungukwa na theluji. Akaambiwa achague picha nyingine zinazolingana. Mkono mmoja ukachagua kuku; mkono wa pili ukachagua sepetu, kwani huko sepetu ndiyo ya kuondolea theluji. Alipoulizwa kwa nini amechagua sepetu, yule msemaji ambaye hakuiona theluji hakusema, "Sijui." Alisema mara moja, bila ya kusita, kwamba sepetu yahitajiwa kusafishia banda la kuku. Jibu zuri, lenye kukubalika, na halina asili yo yote. Ni mara ngapi sisi, wenye bongo zilizoungana, twajibu "kwa nini ulifanya vile" kwa jibu la banda la kuku?

Hapa mtu atatuambia: mmewafungulia waongo mlango. Kesho kila anayekamatwa kwa ushahidi wa zuri atasema kwamba ubongo ndio uliomwandikia. Hoja hii ina nguvu na hatutaki kuikimbia.

Katika khabari za Iyas bin Muawiya, aliyekuwa kadhi wa Basra na mashuhuri kwa werevu, imesimuliwa kwamba watu walitoka kutazama mwezi mwandamo, na pamoja nao Sahaba Anas bin Malik, ambaye wakati huo umri wake ulikaribia miaka mia. Anas akasema ameuona, akawaonyesha kwa kidole, na hapana mwingine aliyeuona. Iyas akamtazama usoni, akaona unywele mweupe wa nyusi umepinda ukaangukia mbele ya jicho. Akampangusa nyusi, akazisawazisha, kisha akamwomba awaonyeshe tena mahali mwezi ulipo. Anas akatazama, akasema hauoni.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu Iyas, naye astahiki. Hakumwita mzee mwongo, na nani angethubutu? Wala hakuikubali khabari kwa sababu ya utukufu wa aliyeileta. Alikwenda kuutafuta unywele. Lakini sisi twaona nusu ya sifa ni ya Anas, nayo huachwa. Alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu. Alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa daraja. Angaliweza kushikilia. Alipopanguswa nyusi alitazama upya, na alipotazama upya alisema kile alichokiona sasa, ijapokuwa chakanusha alichokisema kwanza.

Basi twaweza kumjibu mwenye hoja. Mwongo ni yule ajuaye kwamba mbele ya jicho lake mna unywele, naye asema ni mwezi. Huyo haguswi na elimu yo yote ya ubongo, na udhuru hana. Aliyeona unywele akadhani ni mwezi si mwongo, hata ikiwa khabari yake si kweli. Lakini yuko wa tatu, na huyu ndiye tunayemkhofia zaidi katika miji yetu: ni yule akatazaye kupanguswa nyusi. Amemwona kijana wa jirani usiku, mbali, karibu na duka lililovunjwa. Akiulizwa palikuwa na taa, mbali kadiri gani, alimwona uso au mwendo, hughadhibika na kusema macho yake hayadanganyi. Hajui kwamba mwaka 1999 Simons na Chabris, katika Chuo Kikuu cha Harvard, waliwaonyesha watu sinema ya vijana wakirushiana mpira, wakawataka wahesabu mirusho. Na alipopita katikati yao mtu aliyevaa vazi la gorila, kadiri ya nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa. Macho yao yalikuwa mazima na taa ilikuwapo. Nusu moja ingaliapa amepita, na nusu ya pili ingaliapa hakupita kitu, na wote wangaliapa kwa haki. Ikiwa hali ni hiyo mchana, kijana wa watu asiharibiwe jina lake maisha kwa mwendo ulioonekana gizani na mtu asiyetaka kuulizwa. Huyu shahidi hakusema uongo, twakubali. Lakini dhambi ya kukataa swali ni yake, na hasara ya yule kijana i juu yake.

Na hilo lawahusu wenye kusikiliza pia. Kila mwisho wa Shaabani na mwisho wa Ramadhani ndimi zetu hutenda yale tunayoyajua. Hatuingii hapa katika masala ya matlai. Yana mahali pake. Twasema tu kwamba aliyedai kuona na wenziwe wasione, anayo haki ya kuulizwa kwa adabu kama Iyas alivyomwuliza Anas, kabla ya kupewa jina ambalo halitamtoka.

Turudi kwa mgonjwa wa kiharusi. Yeye hayumo katika hao watatu, kwani hata ukimpangusa nyusi mara mia, unywele haumtoki. Uwezo wa kujitazama upya ndio ulioharibika. Kwa hiyo lile jukumu ambalo kwa mtu mzima wa afya ni lake mwenyewe, kwa huyu limehamia kwa watu wa nyumba yake, nao aghlabu hawajui kwamba limewafikia. Tumesikia mengi katika mambo haya. Mwana humgombeza babake akidhani ni ukaidi wa uzee. Mke hulia kwamba mumewe amfanyia mzaha. Jirani huleta shauri la kupunga pepo, kwa kuwa mtu anayesema mkono huu si wangu, kwa fikira zao, hasemi yeye. Na siku za mwanzo, ambazo ndizo zenye faida, hupotea kwa buhuri na makombe. Iwapo picha ya ubongo imeonyesha kuwa kiharusi ni cha damu iliyoganda, iko dawa ya kuiyeyusha, na wakati wake ni kama saa nne na nusu za mwanzo tangu maradhi kuanza. Mgonjwa anayesema kwamba hana neno asisikilizwe katika hilo, maana yeye ndiye wa mwisho kujua.

Kubishana naye hakufai. Atashindwa kwa maneno, kisha atainuka usiku kwenda msalani kwa mguu asiokuwa nao, na ataanguka. Afadhali alale mtu chumbani mwake kuliko kumkumbusha mara kumi kwa siku kwamba amepooza. Wala hatusemi adanganywe. Akiuliza, aambiwe kwa upole, mara moja, na asilazimishwe kukiri. Kukiri si ushindi wa mtu. Wagonjwa wengi huanza kujitambua siku au wiki zinapopita, na siku hiyo ndiyo watakayohitaji mtu wa kukaa nao, kwani msiba ambao jamaa waliulia mwezi uliopita wao ndio kwanza wausikia. Mara nyingi pia huwa hawauangalii upande wote wa kushoto: huacha nusu ya chakula katika sahani, na mtu akiwasalimia kutoka upande huo huonekana kama wamemdharau. Sahani igeuzwe, na mgeni aelekezwe kukaa upande wa kulia.

Lililobaki ni ufunguo. Tumeona mara nyingi kwamba mtu akisha kusema maneno mawili matatu yasiyolingana juu ya mkono wake, jamaa husema akili imemtoka, na ufunguo wa sanduku huhamia mfukoni mwa mtu mwingine jioni ile ile, wakati mwingine kwa nia njema na wakati mwingine kwa nia tusiyotaka kuitaja. Huu ni udhalimu. Kosa lake liko katika jambo moja, nalo lina mpaka. Kabla ya mtu kusema kwamba mzee huyu hawezi kuamua juu ya mali yake, na aulizwe juu ya mali yake, mbele ya daktari na mbele ya mtu asiye na fungu katika urithi. Na yule anayeshika daftari la kodi zake kwa sasa amsomee kila mwisho wa mwezi, jina kwa jina na chumba kwa chumba, kama alivyokuwa akilisoma mwenyewe, na amwache asahihishe panapokosewa.